Siku Nilipomsomea Dani Barua ya Adabu

Enzi zetu, mtoto aliyefika shuleni na kalamu ya risasi nzima alihesabiwa mtoto wa tajiri. Sisi wengine kalamu ilikatwa vipande viwili nyumbani, kipande kimoja chako, kingine cha nduguyo, na ukikipoteza chako unaazima mpaka muhula uishe. Mliosoma wakati huo mnanielewa. Mnakumbuka Ijumaa tulivyobeba kinyesi cha ng'ombe kwa majani ya ndizi kwenda kusiriba sakafu ya darasa, na uji wa saa nne uliokuwa na ladha ya moshi kuliko ya unga. Mnakumbuka pia kwamba ukimwona mwalimu sokoni ulijificha nyuma ya magunia ya mahindi, kana kwamba kununua nyanya ni kosa. Leo mwanangu akikutana na mwalimu wake supamaketi anamwambia "niaje", tena bila kutoa vile vidude masikioni.

Sitaki kumlaumu sana. Neno lenyewe adabu mimi nilichelewa kulijua, na nusura linikatize masomo.

Nilikuwa darasa la tano, katika shule iliyokuwa kilima kimoja tu kutoka misheni ya Asumbi. Ukisimama uwanjani kwetu asubuhi ulisikia kengele ya misheni, na siku nyingine tuliwaona wasichana wa bweni wakipita wawili wawili, soksi zimevutwa mpaka magotini. Sisi hatukuwa na viatu, seuze soksi. Kila msichana wa darasa letu alikuwa ameshachagua moyoni kitanda atakacholalia huko.

Baba alikuwa akichimba dhahabu Osiri, upande wa Migori, na mama alikuwa naye huko akiwapikia wachimbaji. Mimi niliachwa nyumbani na nyanya yangu, ambaye kwa Kijaluo chetu tunamwita dani. Kabla hajaondoka, baba alinipa onyo moja tu. Siku atakayosikia nimewasumbua walimu, nitafunga virago niende Osiri kumsaidia mama kuosha sufuria. Halikuwa onyo la kumtishia mtoto tu. Binamu yangu Adhiambo alikuwa amekwenda hivyo hivyo, na aliporudi Krismasi mikono yake ilikuwa imepasuka kama ya mtu mzima, na hakuuliza hata mara moja habari za shule.

Dani alikuwa amezaliwa Uyoma, ng'ambo ya ghuba ya ziwa, kwa hiyo kijiji kizima kilimwita Nyar Uyoma, binti wa Uyoma, hata akiwa na wajukuu. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, Msabato asiyewasha moto Jumamosi. Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu ya sokoni: ngapi, punguza, na kesho. Kwa maneno hayo matatu alikuwa amelea watoto saba, na hakuona haja ya la nne.

Sasa mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Marwa, alikuwa Mkuria kutoka karibu na mpaka wa Tanzania. Alikuwa amehamishiwa kwetu mwaka huo, na Kijaluo chake kiliishia kwenye salamu. Alikuwa mtu wa tumbo kubwa lililomtangulia darasani, mikono ameikunja mgongoni, na kila sentensi aliianza na "kwa hiyo basi", hata kama hakuna lililotangulia. Herufi ya L ilimshinda. Alisema "rete daftari" na "reo tunasoma ngeri". Sisi nasi ulimi wa Kijaluo ulitufanya tumwamkie "sikamoo", kwa hiyo Kiswahili kilichofundishwa katika chumba kile kilikuwa na majeraha pande zote mbili.

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa adabu. Aliposhika fimbo alisema, "Nitakutia adabu." Alipoanza kuchapa alisema, "Shika adabu." Alipomaliza aliuliza kama umepata adabu, nawe ukajibu, "Nimepata, mwalimu," huku unajipapasa. Hakuna aliyetueleza maana yake, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu maana tuliikalia kila tuliporudi kwenye dawati. Adhabu nayo tuliisikia, lakini adabu na adhabu vinywani mwetu lilikuwa neno moja, tunaanza na lolote litakalowahi kutoka. Fimbo yenyewe tuliipa jina hilo. Mtu akikuuliza mwalimu yuko vipi leo, unamjibu, "Adabu iko juu ya kabati, lakini anaiangalia."

Kosa langu lilikuwa hivi. Jumatano moja Mwalimu Marwa aliitwa ofisini katikati ya kipindi. Nikavua sweta, nikaiviringisha na kuitia ndani ya gauni mpaka nikapata tumbo. Nikachukua chaki, nikakunja mikono mgongoni na kuanza kutembea mbele ya darasa.

"Kwa hiyo basi, watoto," nikasema, "reo ni ngeri ya ki na vi. Kiti, viti. Kirima, virima."

Walicheka mpaka wengine wakalala juu ya dawati. Halafu kicheko kikakatika ghafla, kama redio iliyoishiwa betri. Mimi nilidhani wamenyamaza ili wanisikie vizuri, kwa hiyo nikaendelea na kirango, virango. Nilipogeuka, Mwalimu Marwa alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameikunja mgongoni, tukatazamana tumbo kwa tumbo.

Hakuchukua fimbo. Alikwenda kukaa, akachana karatasi katikati ya daftari, akaandika polepole. "Reo sikuchapi," akaniambia. "Mpe mzazi wako hii. Kesho aje."

Karatasi haikuwa na bahasha, na mimi nilikuwa na macho. Niliisoma nikiwa njiani. Ilisema: Kwa mzazi. Mtoto wako hana adabu. Nimejaribu, nimeshindwa. Tafadhali njoo kesho.

Niliisoma mara tatu, na kila mara moyo wangu ulizidi kutulia. Hana adabu. Mwalimu alikuwa anasema sijachapwa, na ni kweli, siku hiyo sikuchapwa. Nimejaribu, nimeshindwa. Maskini, alikuwa ametafuta sababu ya kunichapa asiipate. Nilishangaa kidogo kwamba mtu aliyeniona na sweta tumboni anaweza kuandika maneno mazuri hivyo, lakini walimu nao ni watu, na labda mchezo wangu ulimpendeza.

Tangu nikue nimejiuliza kama nilidanganya. Nadhani sehemu yangu kubwa iliamini. Sehemu ndogo iliyobaki niliiambia inyamaze.

Dani alikuwa anapepeta mtama nilipofika. Nikasimama mbele yake kama mtu wa habari redioni, nikamsomea barua kwa Kijaluo: mjukuu wako hana hata adhabu moja, mwalimu amejaribu kumpa ameshindwa, anaomba uje kesho.

Aliweka ungo chini. Akaniambia niisome tena. Niliposoma mara ya pili akaniita jina la mama yake mzazi, jambo alilolifanya tu alipokuwa na furaha kupita kiasi, akasema katika watoto wake saba hakuna hata mmoja aliyewahi kumletea barua ya namna hii. Walimu walimwita mara nyingi, lakini wote walimwita kwa shari.

Asubuhi alivaa gauni lake la Sabato na kitambaa cheupe kichwani, akakamata jogoo wake mwekundu, akamfunga miguu na kumtia kwapani. Njia ya kwenda shuleni ilikuwa ya nusu saa. Tuliitembea kwa saa nzima, maana kila tuliyekutana naye aliambiwa habari. Mjukuu wangu hajapigwa tangu aingie darasa la tano, mwalimu mwenyewe ameandika. Mama mmoja aliyekuwa akichota maji kisimani alinishika mkono, akanitakia heri. Mimi niliinamisha macho, na watu wakasema tazama, ni mpole hata akisifiwa.

Ofisini, Mwalimu Marwa alimpa dani kiti, akamsalimia kwa Kijaluo chake chote, kikaisha. Dani akamkabidhi jogoo. Mwalimu akamtazama jogoo, akanitazama mimi, akamrudisha jogoo. Dani akadhani ni unyenyekevu, akamweka jogoo sakafuni kwa heshima. Baada ya hapo wote wawili wakanigeukia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kati ya Mkuria yule na Mjaluo yule hapakuwa na daraja jingine isipokuwa mimi.

"Kwa hiyo basi," akasema mwalimu, "mwambie nimesikitika sana. Adabu ni kama nguo. Mtoto asiye na adabu yuko uchi mbere ya watu."

Kama adabu ni fimbo, haiwezi kuwa nguo. Hakuna mtu anayeonekana uchi kwa sababu hajachapwa. Nikaiona barua upya, neno kwa neno. Nikauona moshi wa Osiri, na sufuria, na mikono ya Adhiambo.

"Anasemaje?" akauliza dani.

"Anasema nguo zangu ni safi."

Dani akatabasamu. Akanituma nimwambie mwalimu kwamba huwa anazifua mwenyewe kila Ijumaa kabla jua halijazama, tena kwa sabuni ya kipande, si ya unga.

"Anasemaje?" akauliza mwalimu.

"Anasema amehuzunika."

Mwalimu akamtazama dani, aliyekuwa bado anatabasamu mpaka lile pengo la jino linaonekana. Akasema hajawahi kuona huzuni ya namna ile. Kisha akaendelea kwamba hata niwe na akili kiasi gani, bila adabu sitafika popote. Nikamwambia dani mwalimu anasema nina akili na nitafika mbali. Dani akainua mikono yote miwili na kumwombea mwalimu baraka, yeye na mke wake na ng'ombe wake kama anao, sala ndefu iliyoishia kwa amina ya kishindo. Jogoo akawika kutoka chini ya meza. Nikamwambia mwalimu dani anaomba msamaha.

Lakini dani alikuwa amefanya biashara sokoni miaka mingi na watu asioelewa lugha zao, na mtu wa namna hiyo husoma nyuso. Akanivuta mkono.

"Huyu mtu anasifu," akaniambia, "mbona uso wake ni wa mtu aliyeibiwa?"

Akaniweka kando, akaamua kuzungumza naye mwenyewe. Alininyooshea kidole, akainua mkono hewani, akapiga fimbo isiyoonekana, akatikisa kichwa kuuliza: hapigwi, sivyo? Mwalimu akakubali, kweli jana hakunichapa. Dani akafungua mikono: sasa nini?

Mwalimu Marwa alitafuta maneno, asiyapate. Mwishowe akasimama. Alininyooshea kidole mimi, akachukua kitambaa kilichofunika vitabu na kukitia ndani ya shati, juu ya tumbo lake mwenyewe ambalo halikuhitaji msaada. Akakunja mikono mgongoni. Akaanza kutembea ofisini, tumbo mbele, akiniigiza mimi ninavyomwigiza yeye, na alinipata sawasawa, mpaka ule mguu wa kushoto nilioutupa nje kidogo kuwachekesha wenzangu.

Dani alimtazama akienda mpaka dirishani na kurudi. Alielewa alipofika nusu ya safari ya kurudi. Nilimwona akijaribu kuzuia kicheko, akashindwa, akashika ukuta. Mwalimu akasimama katikati ya ofisi na kitambaa tumboni, halafu naye, sijui ni aibu au ni nini, akaanza kutikisika. Walicheka wawili wale pasipo lugha yoyote, machozi yakiwatoka, na mimi katikati yao natamani ardhi inimeze.

Kicheko kilipokwisha, dani alijifuta uso. Akaniuliza kwa sauti ndogo barua ilisema nini hasa. Nikamwambia. Akauliza neno lile ni lipi kwa Kijaluo. Nikamjibu nilidhani ni kum, yaani adhabu, kumbe ni luor, ile heshima mtu anayowapa watu.

Hakunipiga. Alifanya jambo baya zaidi. Alinisimamisha wima mbele ya mwalimu na kunitaka nitafsiri kila neno, bila kupunguza. Kwa hiyo nikasema kwa kinywa changu mwenyewe, kwa Kiswahili, kwamba mtoto huyu amemdanganya nyanya yake. Kwamba amemtembeza njia nzima akijisifu kwa aibu. Kwamba ubaya wa mtoto huyu ni wa nyumba yake, na nyumba hiyo inaomba radhi. Nililia kuanzia sentensi ya pili, lakini sikuruhusiwa kuacha.

"Na umwambie," dani akamalizia, "huyu jogoo nilimleta kwa uongo wako, siwezi kumwacha hapa. Jumapili, mwalimu akitoka kanisani, aje amle nyumbani kwangu."

Mwalimu alikuja, amevaa koti licha ya jua. Dani alikuwa ameazima kiti chenye mgongo na sahani mbili zisizo na kutu. Mimi nilimnawisha mgeni mikono nimepiga goti, nikashika taulo, nikasimama karibu ili nitafsiri, nikimwona jogoo mwekundu akipungua kipande kwa kipande. Kwetu mtoto hakugusa nyama mbele ya mgeni, wala hakuitazama. Niliitazama ndoo ya maji kwa muda mrefu sana.

Katikati ya kula, mwalimu alisema neno lile lililotuleta pamoja si la Wakuria wala la Wajaluo, na hata Waswahili wamelipokea. Akiwa chuo cha ualimu alifundishwa na mzee mmoja kutoka pwani aliyejua Kiarabu. Mzee huyo aliwaambia adabu ni adab ya Kiarabu, na kwamba wako wataalamu wanaoamini asili yake ni kuwaalika watu kwenye chakula. Aliyewakaribisha wenzake na kuwakalisha vizuri, huyo ndiye aliyekuwa na adab. Baadaye neno likapanuka likawa mwenendo mwema, kisha elimu, na siku hizi Waarabu hulitumia hata kwa fasihi. Adhabu nayo imetoka huko huko, lakini ni neno jingine kabisa, maana yake ni mateso. Akasema wao walimu ndio walioyaozesha maneno hayo mawili, kama mke na mume.

Nilitafsiri yote, nikijitahidi. Dani alitafuna taratibu, akafikiri.

"Muulize," akasema, "kama adabu ni kumwita mtu aje ale, mbona yeye huwaita watoto kwa fimbo?"

Nikamwomba nisiseme hilo. Akaniambia niseme. Nikasema, nikiitazama ndoo.

Mwalimu Marwa aliweka chini kipande cha kuon, ule ugali wetu wa mtama, akawa kama mtu anayepiga hesabu ngumu. Kisha akasogeza sahani mbele. "Mwambie," akasema, "hiro swari nitarijibu nikishiba."

Sijui kama alilijibu. Ninachojua ni kwamba Jumatatu alisimama mbele ya darasa, akaandika ubaoni maneno mawili, adabu na adhabu, akatueleza tofauti, akanitaka mimi nitunge sentensi kwa kila moja. Fimbo ilibaki juu ya kabati siku nyingi zaidi kuliko zamani. Ilishuka bado, nisiwadanganye tena. Habari ya barua haikufika Osiri kamwe. Baba alipokuja Krismasi, dani alimwambia tu kwamba mwalimu wa mtoto wake alikula hapa nyumbani, na baba akakaa wima kwenye kiti kana kwamba amepewa cheo. Miaka michache baadaye nilivaa zile soksi za magotini.

Na dani alipata neno lake la nne la Kiswahili. Ugali ukiiva alisimama mlangoni na kuita kwa ile sauti ya ng'ombe, "Adabu!", na watoto wa boma zima tukaja mbio. Wageni kutoka pwani wangetushangaa.

Dani ametutoka, na Mwalimu Marwa nasikia alistaafu akarudi kwao, analima mahindi. Mimi naishi Homa Bay mjini, nashona sare za shule, kwa hiyo watoto wa siku hizi nawapima viuno kila Januari. Ni watoto wazuri. Wanajua mambo ambayo sisi hatukuyaota. Ila nikimwambia mmoja ageuke nimpime mgongo, anageuza simu pekee ili picha itokee vizuri.

Juzi mwalimu wa mwanangu aliandika kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Wazazi, nidhamu ya watoto imeshuka, tafadhali kila mmoja azungumze na wake. Hakutaja jina. Kabla sijamaliza kusoma, vidole gumba vilikuwa vimejipanga chini ya ujumbe kama wanafunzi gwarideni. Nilimuuliza mwanangu kama ni yeye. Akasema, "Mathe, tulia, hiyo message ni ya kila mtu." Huenda ni kweli. Siku hizi barua haipiti mkononi mwa mtoto, kwa hiyo hana nafasi ya kuitafsiri vibaya, na wala mzazi hana sababu ya kuvaa gauni la Sabato na kutoka nyumbani.

Nikagundua kwamba mwalimu yule amemfundisha mwanangu miaka miwili na simjui uso, wala hajawahi kula kwangu. Kwenye picha yake ameweka ua. Nikaandika pale pale kundini: Asante, mwalimu. Samahani, kwenu ni wapi?

Msimamizi wa kundi akanikumbusha kwa upole kwamba kundi hili ni la mambo ya shule tu.

Nikaufuta ujumbe wangu, nikaweka kidole gumba kama wenzangu.